Maji ya Saa Tisa

Kayole maji huja Alhamisi, saa tisa za usiku,
yakija.
Nalala sikio moja li macho,
likisubiri bomba likohoe.

Kazini wamebadili zamu tena:
wiki hii usiku, ijayo alfajiri,
na cha mchana nakila magharibi, wima,
chapati baridi kando ya mashine ya kupakia maziwa.

Ilianza kope, ikichezacheza.
Mavyaa akasema nitaona mgeni.
Halafu kiungulia. Halafu vipele vya shingoni,
vilivyokuja na notisi ya kodi.
Kodi nililipa. Vyenyewe vimebaki.

Daktari Mutheu alipima damu, mkojo, presha.
Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.
“Unalala saa ngapi?”
Nikacheka. Nikacheka
mpaka akainuka kufunga mlango.

Ameniandikia vidonge:
kimoja kutwa mara tatu, baada ya chakula,
kingine kabla ya kulala.

Nimevipanga dirishani, juu ya bili ya umeme.
Kutwa ipi, daktari?
Kulala kupi?

Ngoja. Bomba limekohoa.
Atieno wa chumba cha pili keshatoka na ndoo zake.