Ripoti ya Jumapili, Achao

Mvua ya hapa haina adabu ya kupiga hodi.
Huingia nawe, hukaa kwenye zulia la mlangoni,
hupanda soksi. Verl huzianika juu ya jiko la kuni
na sebule nzima hunuka kondoo.

Miezi kumi na mmoja sasa, kisiwani Chiloé,
mimi na huyu mzee wangu wa Idaho,
kila mmoja na kibandiko cheusi kifuani chenye jina lake
kama watoto wa chekechea waliopelekwa matembezi.
Kupotea tumepotea. Jumanne peke yake, mara mbili.

Watu walituuliza: kwa umri huo, mnakwenda kutafuta nini?
Ng'ombe tulikwisha kuwauza. Shamba amelichukua Dallin.
Ilibaki nyumba ya vyumba sita, na saa ya ukutani
iliyokuwa ikinisema.
Nikasema twende. Si yeye, ni mimi.
Iandikwe hivyo, maana kanisani anasifiwa yeye.

Kihispania kimekataa katakata kukaa kinywani mwake.
Miaka arobaini na tisa alilima aina moja ya kiazi,
kirefu, cha ganda la kahawia, cha kukaangia chipsi,
na hapa neno la kwanza alilolishika ni papa:
kiazi. Ukikaza mwisho wake, ni baba.
Basi akasimama sebuleni kwa Doña Edelmira Nahuelquín,
akafumba macho, akasahau kukaza,
akaomba kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na trekta:
Kiazi chetu uliye mbinguni.

Nilitamani sakafu inimeze.
Edelmira, mtunza ufunguo wa kanisa la mbao la Wakatoliki,
ambaye hajakosa misa na hataikosa kwa ajili yetu,
alifunga leso yake upya, akasema Amina,
kisha akamshika mkono, akampeleka bustanini.

Nasema nilichokiona dirishani tu:
mume wangu kapiga magoti kwenye tope,
kwa goti lile la chuma, lile alilokatazwa na daktari,
na yule mama anafukua mbele yake
vya zambarau, vyeusi kama makaa, vyekundu vyenye macho ya buluu,
kimoja kimepinda kama kidole cha baridi yabisi,
anavitaja kimoja kimoja kwa majina
kama anayeita wajukuu waje kula.
Verl anarudia. Anakosea. Anarudia.
Kofia imeanguka, haokoti.

Mtu aliyepakia malori bila kugeuka nyuma
amekishika kiazi kisichojaa kiganja
kama alivyomshika Dallin hospitalini, viwiko vimekakamaa.

Tangu hapo Alhamisi ni ya bustani.
Yeye hupalilia; sisi wanawake hukaa jikoni, tukimenya.
Alinionyesha picha ya mwanawe
aliyechukuliwa na maji karibu na Quellón.
Nilipapasa moyoni, sikupata aya.
Nilikuwa na kisu na karai.
Nikaendelea kumenya, naye akaendelea.

Nyumbani mjukuu wa tisa amezaliwa.
Tumemwona kwenye simu: mtandao ulikwama
akiwa katikati ya mwayo,
nikabaki na mwayo huo hadi jioni.

Usiku huu kuna fomu ya kujaza.
Waliobatizwa: sifuri.
Waliohudhuria: sisi, mtoto wa muuza kome, na mbwa wake,
ambaye nimemfuta.
Waliofundishwa. Hapo kalamu ilisita.
Nikaandika: wawili. Majina sikuyaweka.

Verl amelala, mdomo wazi, mvua inahesabu mabati.
Kucha zake zimejaa udongo wa watu.
Nimewasha taa ndogo, nimetafuta kikata kucha,
nimeuvuta mkono wa kulia.
Amenipa bila kuamka,
na baadaye kidogo, wa kushoto.