Pumba

Kinu cha mpunga cha Sa Đéc hakilali,
na pumba zake hazina pa kwenda:
nyingine kwenye tanuri la matofali,
nyingine mferejini, zikaelea
hadi zikazama kwa uzito wa kupuuzwa.

Bi Nhạn alikuja na gunia na beleshi.
Mlinzi akacheka: "Humo utakula nini?"
Hakujibu. Alikuwa anapiga hesabu.

Maana kule kiwandani, kwenye maji meupe
yenye wanga uliooshwa kwenye tambi,
walikuwa wakimimina kimeng'enya cha bei ya dhahabu,
kiukatekate wanga, kiugeuze sukari.
Kazi ikiisha, sukari ikichujwa,
maji na kibarua wake
huondoka bomba moja.
Kutupa jongoo na mti wake,
na risiti juu.

Akazichemsha pumba kwa magadi makali,
akazisuuza mara saba, mara nane,
akazitia dawa ya kushikiza
ambayo harufu yake ilimfuata
mpaka kwenye wali wa usiku.
Ndipo akakimimina kimeng'enya, taratibu,
kama mtu anayemkaribisha mgeni
nyumba isiyo na kiti.
Kaa hapo.

Khiêm, mwanafunzi wake, akasema:
"Hiki si kifungo, mwalimu. Ni ajira ya kudumu."
"Ni vyote viwili," akajibu. "Muulize mume wangu."

Mara ya kwanza, maji yaliyopita
kwenye bomba la kioo lililoshindiliwa pumba
yalitoka na sukari.
Mara ya tano, sukari.
Mara ya tisa kilichoka:
nguvu za mzee anayepanda ngazi,
anapumzika kila ghorofa, lakini anafika.
Mara ya kumi na mbili
maji yalitoka kama yalivyoingia.
Akaandika sifuri
bila kuipamba.

Mwenye kiwanda bado hajasema ndiyo.
Ameona picha ya mtambo wa ng'ambo
wenye taa za kijani.
Pumba hazina taa.

Jana, saa ya kufunga, mvua ikinyesha,
Bi Nhạn alipita tena pale kinuni.
Mlinzi alikuwa ameshaweka gunia kando,
chini ya turubai, mdomo umefungwa kamba.
Safari hii hakucheka.
"Hizi ni kavu," alisema.
"Nilizichagua."