Sahani Ndogo

Mwanjelwa, dukani kwa Sanga, nilisimama
tangu mvua ilipoanza kupiga bati hadi ikachoka.
Mezani sahani tatu za mashine,
mfukoni fedha ya moja.

Sanga hataji bei kabla hujakohoa.
"Hii," akasema, akiigonga kubwa kwa ukucha,
"pana kama ungo. Inasikia chini
hadi kiunoni mwa mtu mzima.
Lakini kitu cha ukubwa wa kiroboto inakiruka,
na bega lako, jioni, litanitukana."

Ya pili nyeusi, umbo la yai,
nyaya zake ndani zimepeana migongo
kama mke na mume walionuniana.
"Hiyo ni ya ardhi yenye kelele.
Udongo mwekundu ukianza mayowe
yenyewe inatulia, inangoja neno la kweli.
Kina, kidogo itakupunja."

Ya tatu ingejaa kwa vitumbua vinne.
Hakuisifu. Aliipangusa vumbi tu.

Ambakisye, mbia wangu, alikwisha chagua
tangu siku tulipouza ndama.
"Kubwa! Umeona wapi mtu
akaenda kisimani na kijiko?"

Nikamjibu: "Na ukoko, wewe huukomba kwa beleshi?"

Maana naujua mkondo wetu, kule nyuma ya Matundasi.
Walianza wenye kofia ngumu na dira, wakala nyama.
Wakaja babu zetu na makarai, wakanywa mchuzi.
Mwisho likaja kijiko lenyewe, lile la minyororo, la tajiri,
likageuza ardhi tumbo juu siku arobaini,
likaondoka na alama za meno yake mpaka leo.
Kisima gani tena?
Zimebaki punje zilizojibana kwenye mizizi,
kwenye nyufa za mawe meupe,
mahali ungo haupiti
hata ukiuingiza kiubavu.

Nikakohoa. Sanga akataja bei.

Njia nzima, ukungu wa Kawetere umeshika vioo,
Ambakisye hakunisemesha.
Alisemesha jogoo wa abiria mwingine.

Siku ya kwanza: visoda kumi na saba.
Msumari. Ganda la risasi. Kifungo cha shati la kaki
chenye uzi bado kwenye tundu lake.
Sahani ndogo haina siri,
hukwambia hata usiloliuliza.
Ya pili, visoda. Ambakisye alihesabu kwa sauti,
akavipanga juu ya gogo kama mtu anayefungua baa.

Siku ya tatu, kati ya mizizi miwili ya mninga,
nikasikia mbu nyuma ya chandarua.
Nikafuta majani kwa mguu. Mbu yupo.
Nikachota udongo, nikaugawa nusu, nikapitisha;
nusu ya nusu, nikapitisha;
mpaka kikabaki kiganjani kitu kimoja,
kizito kuliko ukubwa wake.

Pointi nane kwenye mizani ya Tusekile,
na Tusekile mizani yake haimwonei mtu huruma.
Tulilipa deni la maharage, betri,
na nusu ya maneno ya mke wa Ambakisye.

Sitadanganya kwamba nililala.
Chini ya kiuno, pale sahani yangu haifiki,
huenda kuna pande limelala kwa ubavu,
linasikia nyayo zetu zikipita juu
na linatucheka. Huenda Ambakisye alikuwa sahihi.
Fedha ya moja ni fedha ya moja:
ukichagua sikio la karibu
umekubali kuwa kiziwi wa mbali.

Alfajiri nikashtuka, turubai liko wazi.
Mashine haipo. Visoda havipo juu ya gogo.
Nikatoka na blanketi mabegani.
Kule kwenye mninga, Ambakisye,
mtu wa ungo, mtu wa kisima,
amepiga magoti, vifaa vya masikio vimemkaa upande,
anaipitisha sahani ndogo kati ya mizizi
polepole,
kama anayemfuta mtoto uso.