Mafuta Yasiyotaka Kusimama

Husemwa mchagua jembe si mkulima.
Basi mimi si mkulima:
wiki ya sita sasa nachagua,
jikoni nyuma ya duka la matairi, Porvenir,
upepo ukigonga bati kama mdai kodi,
na mafuta ya mosqueta kwenye bika,
rangi ya machweo, mepesi, hayana subira.
Ukiyapa kidole, yanakimbilia kiwiko.

Mteja wangu ana mikono mia mbili:
wanawake wa kiwanda cha kaa,
zamu ya usiku, kisu, barafu, chumvi.
Yolanda Oyarzo alinionyesha kiganja
kama mtu anayeonyesha risiti.
"Mafuta yako mazuri, Nélida,
ila yote yameishia kwenye glavu.
Nipe kitu kinachokaa."

Watu wa kaa wanaomba kinachokaa.
Nikacheka, kisha sikucheka tena.

Nilianza na nta ya nyuki, kwa mazoea.
Ilikaa, naam, kama mgeni asiyeaga:
alfajiri kopo lilikuwa jiwe,
Yolanda akalichimba kwa ncha ya kisu.
Nikajaribu silika, unga mwepesi kuliko pumzi
(nilipiga chafya, gramu nne zikapaa hadi kwenye taa).
Haidai moto. Hilo nililipenda.
Lakini kila unga una silika yake:
huu uliacha ngozi inakwaruza
kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Selulosi ilinipa jeli angavu
nikaipiga picha kama mtoto wa ubatizo.
Ila ilitaka nyuzi mia moja na arobaini,
na mosqueta kwenye moto ule
hunuka samaki wa juzi.
Nani atampakaa samaki
mtu anayetoka kuosha kaa?

Ile ya wanga, ya bei mbaya kutoka Japani,
ilisimama siku nane, laini, tulivu.
Siku ya tisa ikatoa jasho.
Matone madogo juu ya uso wake,
kama mwongo aliyeulizwa swali la pili.

Mama alikuwa na dawa yake:
shahamu ya manyoya ya kondoo, soksi kuukuu mikononi,
analala hivyo, viganja juu ya blanketi,
sungura wawili wa kijivu.
Hakuna aliyemuuliza kama inakaa.

Mwishowe mbarika, uliogandishwa, vipande vyeupe.
Nyuzi sitini, pungufu kidogo afadhali;
ukizidisha, unavuna chembe kama sukari.
Nusu saa ya kukoroga bila kuacha,
na mashine ya keki ya jirani Ximena
ambayo sasa, samahani, inanuka waridi mwitu.
Mosqueta niliimimina baadaye, kwenye uvuguvugu.
Ikapoa.
Nikaibonyeza: kidimbwi cha kidole kikabaki.
Nikaisugua: ikalegea, ikakubali, ikaenea.
Nikaiacha: ikajikusanya upya,
kama mtu anayefuta machozi kabla ya zamu.
Haing'ai. Ina ukungu kidogo.
Nilishakoma kutaka ing'ae.

Nikampelekea Yolanda makopo kumi langoni,
saa kumi na moja, giza, mvuke wa pumzi zetu.
Akaligeuza moja. Akaligeuza tena.
Akakaza vidole, akaachia, akapuliza kiganja.
"Kifuniko hiki," akasema.
"Kwa mikono hii, nani atakifungua?"