Basi la Saa Tatu Unusu

Karatasi tatu, nimezikandamiza kwa kopo la chumvi
zisipeperushwe na upepo unaopenya chini ya mlango.
Upepo wa Hull hauna adabu, haubishi hodi.
Ni asubuhi. Nimetoka zamu, mikono inanuka klorini,
chai ya maziwa imeshafanya utando.

Ya kwanza inasema miaka miwili:
rudi nyuma, ukae na rika la Haitham wangu,
fizikia, baiolojia, hesabu, na mtihani ndani ya jumba
ambamo kikohozi chako kinasikika hadi safu ya mwisho.
Ya pili, mwaka mmoja, darasa la jioni la watu wazima:
mlango wa uani, lakini nyumba ni ile ile.
Ya tatu inang'aa. Ina msichana anacheka kwenye majani.
Ingia leo, mwaka wa msingi, kisha mitatu juu yake,
na deni linalotambaa usiku kama ukungu wa ukutani.
Hawakuandika riba. Wameandika asilimia.
Nimeisoma hivyo hivyo.

Nilimuuliza sheikh. Akakuna ndevu, akasema kuna rai mbili.

Maureen wa ofisi ya ushauri, miwani kifuani kwa mnyororo,
aliniuliza nataka nini hasa.
Nikamwambia, miaka tisa napiga deki chumba cha eksirei.
Mashine ile naijua kwa kuifuta vumbi.
Nimeziona mbavu za watu zimewaka kwenye kioo,
nikasimama na mpini wangu, nikatafuta palipovunjika,
na mara mbili nilipaona kabla daktari hajaingia.
Sikusema. Mwenye ndoo hasemi.

Akaandika neno moja refu, akaigeuza karatasi nilione.
Nikalisoma kwa silabi, ra-di-o-gra-fi-a,
kama vile ninafuata alifu kwa kijiti.
Maana chuo nilikianza Wete, na miaka mitano,
juzuu mapajani, mkeka umenichora miguu.
Hiki cha pili wanakiita kikuu,
nami nina arobaini na mmoja.

Akataka cheti. Ninacho, cha kidato cha nne,
kimekunjwa mara nne, na pale penye mkunjo
alama ya Hesabu imefutika.
Nilifurahi imefutika. Ilikuwa D.

Kaka Nassor alipiga simu kutoka Leicester:
"Chukua fupi, Mkasi, wewe si mtoto."
Shemegi akadakia kwa nyuma, haraka haraka haina baraka.
Waliotunga maneno hayo
bila shaka walikuwa na miaka ya akiba.
Haitham, naye anajaza fomu yake, vyuo vitano,
hakuinua macho.
"Popote sawa, mama. Ila si nilipoomba mimi."
Baadaye akaja kukaa, akanionyesha milinganyo,
jinsi eksi inavyovushwa upande wa pili
na kubadilika alama.
Nikasema, hilo nalifahamu, nilivuka nalo.
Hakuelewa. Akafuta, akaanza upya.

Sasa niseme kweli: sikuchagua kwa hekima.
Nilichagua kwa ratiba ya kituoni.
Darasa la jioni linamalizika saa tatu na robo.
Basi linapita Anlaby Road saa tatu unusu.
Zamu yangu inaanza saa nne kamili,
kwa hiyo kuna dakika za kubadili viatu
na za kula kipande cha mkate wa kumimina nimesimama.
Njia nyingine zote ziliniacha kwenye mvua.
Mkopo wake ni mdogo, na wanasema hufutwa
ukimaliza kilicho mbele yake.
Nimewaambia waniandikie hilo.

Fomu inataka sababu za kuchagua kozi hii,
maneno mia mbili.
Nimeandika zile mbavu, zilivyowaka.
Haitham amesahihisha tahajia mahali pawili.
Basi sikulitaja.