Waya wa Kurudi

Linazimika pale pale panapoitwa Essence.
Watu wanacheka: gari limekufa kiu mlangoni pa kisima.
Balagizi hacheki. Nyuma ana ndoo nne za sambaza
na jua halimngoji mtu.

Wanamsukuma hadi kwangu, na mara tu
gurudumu la mbele linapogusa kizingiti cha karakana
injini inawaka, inanguruma vizuri,
kama mtoto aliyelia usiku kucha kwa homa
akifika kwa daktari anaomba biskuti.

Nalizima. Naliwasha. Linawaka.
Nampa kiti, nampa chai. Linawaka.
"Mama Nsimire, naapa, lilizimika."
Nakuamini. Ugonjwa wa kuja na kuondoka
huviziwa, kama panya.

Gari hili lina damu ya watu watatu.
Bodi ni ya Korona ya zamani, usukani kulia;
injini ilitoka kwenye basi dogo lililoanguka Ngomo;
pampu ni ya Subaru, kubwa, ilinunuliwa Kadutu
ikiwa imefungwa kwa gazeti.
Springi zimeinuliwa vidole vinne
kwa ajili ya mashimo ya njia ya Kavumu.
Nyaya tu ndizo hazikuguswa. Nyembamba vile vile,
mzigo mpya juu ya mgongo wa zamani.

Siku ya pili, mvua. Linazimika barabara ya Panzi.
Namfuata kwa miguu, naweka sikio kwenye tangi,
namwambia afungue swichi.
Pale ilipopaswa kuimba sekunde mbili,
zzzz, kama mbu ndani ya chupa,
kimya.
Napiga tangi kwa kiganja. Inaimba.
Hapo fundi mwenye haraka angesema:
pampu imekufa, leta dola sitini.
Mimi kiganja changu sikiamini. Kikipiga, kinatikisa vitu vingi.

Fyuzi nzima. Rilei naibadilisha na ya honi:
honi inalia, pampu inanyamaza.
Taa ya kupimia naichomeka kwenye soketi, inang'aa,
haina wasiwasi wowote.
Umeme upo, basi?
Taa hunywa kijiko. Pampu hunywa ndoo.
Uzi mmoja wa shaba unatosha kumdanganya mwenye taa.
Natafuta balbu ya mbele, ile kubwa yenye njaa,
naiunga, nayo inakuwa nyekundu,
wekundu wa makaa ya alfajiri.
Navuta waya mrefu kutoka hasi ya betri, naigusisha:
mwanga unanipiga usoni.

Umeme unakwenda. Haurudi.

"Urudi wapi?" anauliza Balagizi.
Namwambia, kila kinachotoka kwenye betri
kinataka njia ya kufika nyumbani.
Anatikisa kichwa polepole. Ana ndugu Kalemie, mwaka wa sita huu.

Natoa kiti cha nyuma, natoa zulia linalonuka samaki.
Waya mweusi umekazwa kwa bolti juu ya rangi,
rangi nzuri, ya buluu, haikukwanguliwa.
Bolti ikishika, gari linakwenda.
Shimo likiitikisa, unyevu ukiingia, ndio hivyo.
Na ule mkanda: umezungushwa mara tano,
ncha yake imekunjwa kama kona ya daftari
ili atakayekuja baadaye aipate kwa ukucha.

Katika mji huu ni mtu mmoja tu anayekunja hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jumamosi.
Bosi Zihindula alikuwa anatafuta kufuli,
mwenye gari, si huyu, alikuwa anapiga honi.
Nikasema, nitakwangua Jumatatu.

Sasa nakwangua. Rangi inatoka unga unga,
chini yake bati linametameta kama jino.
Naweka waya mnene, gresi kidogo, nakaza.
Balagizi anauliza bei,
na nani alifanya upuuzi ule.

Fundi mmoja, nasema.

Anatoa noti zenye magamba. Nazitazama.
Nachukua bei ya waya.
Swichi. Zzzz, sekunde mbili.
Mkanda mpya nimeshauzungusha, na ncha yake,
kabla sijajizuia, nimeikunja.