Sekunde Tisini

Kompyuta ya Bi Mwanakombo ikiwashwa husimama.
Haikwami, anasema, inasimama,
kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu.
Kioo cheusi, nyota nyekundu inakwenda kulia, inarudi kushoto.
Sekunde tisini. Nimezihesabu kwa saa ya simu,
huku nje, Barabara ya Kumi na Nne,
muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake.

Kisha inaamka, na ndipo balaa.
Akifungua mtihani wa darasa la nne, sawa.
Akiongeza kadi ya arusi ya kina Shemhilu, yenye maua,
kishale kinaganda.
Akiongeza picha za pasipoti
mashine inaua kitu kimoja bila kuuliza,
na kila mara inaua kadi.
"Ina husuda na maarusi," anasema.

Nikaandika amri ya kwanza.
Kumbukumbu: giga mbili, zimejaa hadi ukingoni.
Swapu: sifuri. Sifuri. Sifuri.
Nikamweleza: kumbukumbu ni meza yako hii,
swapu ni stoo ya nyuma.
Meza ikijaa, usivyovishika kwa sasa vinapelekwa stoo;
vikitakiwa vinarudi, polepole, lakini vinarudi.
Wewe huna stoo. Mashine inatupa vitu barabarani.

"Stoo ninayo," akasema. "Kijana wa Chumbageni aliniwekea
alipobadilisha diski, na pesa nikampa."

Kweli alimwekea. Nimeiona,
giga nne, tupu, imefagiliwa.
Ila alipoijenga upya ikapata jina jipya,
herufi na tarakimu thelathini na mbili,
na kwenye faili la orodha, lile linalosomwa kila alfajiri ya mashine,
limebaki jina la ile ya zamani.

"Kwa hiyo inamngoja nani?"

Inamngoja aliyehama.
Sekunde tisini kila asubuhi, kisha inakata tamaa,
inaingia kazini bila yeye.

Hakucheka. Akavuta droo,
akatoa risiti za posta zimebanwa kwa klipu:
sanduku la barua, kwa jina la Kibwana Sheukindo,
aliyekwenda Maskati mwaka wa themanini na nane.
Kila Januari analilipia.
"Barua ya mwisho ilikuja na kalenda," akasema,
risiti akaziacha mezani.

Sikujua la kusema, nikaandika.
Nikaiuliza stoo jina lake,
yeye akanisomea kama anayesoma namba ya tiketi:
tisa, efu, nne, nne, a, sifuri...
Nilipofika kwenye mstari wa zamani
kidole kikawa juu ya kitufe cha kufuta.

"Lazima ufute?"

Si lazima.
Nikatia alama ya reli mwanzoni mwa mstari.
Mashine ikiiona hupita, haisomi, haingoji.
Maneno yanabaki pale pale.

Tukazima. Tukawasha.
Nyota nyekundu haikupata hata nafasi ya kutokea.
Mtihani, kadi, picha, vyote vikafunguka,
na stoo ikapokea mzigo wake wa kwanza,
megabaiti kumi na mbili.

Elfu nane, nikasema. Akanipa kumi.
"Ile alama. Kwa kalamu inaandikwaje?"
Nikamchorea kwenye fotokopi iliyoharibika:
mistari miwili imesimama, miwili imelala.
Akaitazama kidogo.
Kisha naye akaichora, taratibu,
juu ya risiti ya mwaka huu,
kabla ya jina.